Barua ya malalamiko: mlango wa msaji uliofunikwa fila juu ya mbao iliyooza

Kiponda, Mji Mkongwe,
Zanzibar.
12 Agosti 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya ukarabati wa milango na mbao,
Zanzibar.

YAH: KAZI ILIYOFANYWA KWENYE MIIMO NA KIZINGITI CHA MLANGO WA NAKSHI, NYUMBA YA KIPONDA

Ndugu Meneja,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kuhusu kazi ambayo mafundi wenu waliifanya mwezi Aprili kwenye mlango mkuu wa nyumba yetu, kazi tuliyoilipia shilingi 2,400,000 na ambayo hivi sasa imekwisha kuharibika, kiasi kwamba mlango uko katika hali mbaya zaidi kuliko mlivyoukuta. Nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba nyumba za mawe zina unyevu, kwamba mbao yenyewe ni kuukuu, na kwamba kwa sababu hizo dhamana yenu ya miaka miwili haihusiki. Jibu hilo ndilo lililonifanya niache simu na nishike kalamu, kwa kuwa ninaamini si sahihi, na naomba unistahimilie nieleze kwa nini.

Naanza na karatasi ya makisio mliyotuletea mwezi Februari, yenye muhuri wa kampuni. Humo mliandika kwamba sehemu zilizooza za miimo yote miwili, yaani nguzo za kando za mlango, zitakatwa mpaka kufikia mbao nzima. Kwamba mbao itaachwa ikauke na kupimwa kwa kipima unyevu mpaka ishuke chini ya asilimia 18. Kwamba itapakwa dawa ya kuua kuvu. Kwamba itanyweshwa epoksi nyepesi ya kupenya, yaani gundi ya sehemu mbili inayoganda ikawa ngumu, ili nyuzi zilizolegea zishikane. Na kwamba baada ya hapo ndipo mashimo yatajazwa fila ya epoksi, yaani uji mzito wa kuzibia, yapigwe msasa na kupakwa vanishi ya kukinga jua, kwa sababu epoksi iliyoachwa wazi juani huharibika. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, na nasema hivyo bila kejeli. Ndiyo yaliyotufanya tuwape ninyi kazi na si seremala wa mtaani aliyetutajia bei ndogo zaidi, na ndiyo tuliyoyaambatanisha kwenye maombi ya kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Mafundi walikuja wiki iliyofuata Sikukuu ya Idd el-Fitr, masika ikiwa imepamba moto. Kaka yangu alikuwepo nyumbani muda wote wa kazi. Anaeleza kwamba asubuhi ile ile walipomaliza kukwangua rangi ya zamani walianza kuchanganya fila, ilhali barabarani maji bado yalikuwa yametuama na sehemu ya chini ya miimo ilikuwa imebadilika rangi kwa kulowa. Kipima unyevu hakikutolewa kwenye begi, ikiwa kilikuwemo. Kaka alipouliza kama mbao haitakiwi kukauka kwanza, aliambiwa kwamba fila hii ya kisasa hushika hata penye maji. Sikatai kwamba zipo epoksi zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali penye majimaji. Lakini kushika ni jambo moja na kuponya mbao ni jambo jingine, na makisio yenu hayakuahidi kwamba kitu kitashika. Yaliahidi kwamba uozo utaondolewa.

Mwishoni mwa Juni ulijitokeza mstari mwembamba kando ya mwimo wa kulia, pale fila ilipokutana na mbao. Mwezi uliofuata mstari huo ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza ukucha. Niliita fundi seremala anayeaminika kwa kazi za milango ya kale, nikamwomba aangalie bila kuharibu chochote. Aligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, na ilipofika kama shubiri mbili juu ya kizingiti sauti ilibadilika ikawa kama ya kugonga nazi isiyo na maji. Kisha alichukua bisibisi nyembamba, akaiingiza kwenye ule ufa kwa kuisukuma kwa vidole viwili tu, na ikazama nusu ya chuma chake. Ilipotoka ilikuwa imelowa, na imeshika ungaunga wa kahawia.

Kwa ruhusa yangu, na kila hatua ikipigwa picha, alitoa kipande cha fila cha ukubwa wa kiganja. Kilibanduka kizima. Upande wake wa ndani kilikuwa kimechukua nakala ya mbao iliyooza, mistari yote ya nyuzi ikionekana, na juu yake kulikuwa na ganda jembamba la mbao laini lililobaki limeng'ang'ania. Maana yake fila ilishika vizuri sana, ila ilishika kitu ambacho chenyewe hakikushikamana na mlango. Nyuma yake mbao ilikuwa imepasuka vipande vidogo vya mraba, rangi ya kahawa, vinavyosagika ukivifikicha. Hapakuwa na alama ya patasi wala msumeno. Hapakuwa na dalili yoyote ya epoksi nyepesi ya kupenya, ambayo kama ingetumika ingeiacha mbao ile ngumu na yenye kung'aa. Kwa kifupi, kila kilichooza kiliachwa pale pale kilipokuwa, na kikafunikwa.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri ofisini kwenu, kwa kuwa ndilo kiini cha malalamiko yangu. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuendelea na kazi yao mbao ikiwa kavu. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 20 husimama. Kabla hamjaja, mwimo wetu ulikuwa unalowa wakati wa mvua na kukauka kaskazi inapovuma, na uozo ulikuwa ukienda polepole kwa miaka mingi. Mlipouziba kwa ganda lisilopitisha maji huku ndani kukiwa kumelowa, mliyafungia maji na kuvu pamoja, mkaizuia mbao isipumue hata siku za jua kali. Seremala wangu anakadiria kwamba uozo umepanda juu ya mahali fila ilipoishia, kwenye sehemu ambayo picha zenu wenyewe za Februari zinaionyesha nzima.

Halafu kuna suala la kile kilichotumika. Ankara inasema fila ya epoksi. Shimo kubwa la chini ya mwimo wa kushoto, hata hivyo, halikujazwa epoksi. Lilijazwa bodi fila, ile ile inayotumiwa gereji kunyooshea bodi za magari, na ushahidi wake ni kopo lililoachwa nyuma ya ngazi likiwa na kitubu chake cha krimu nyekundu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama gereji anaijua: unachota fila, unaweka tone la krimu, unachanganya, na baada ya dakika chache imeganda. Epoksi haiendi hivyo. Sehemu zake mbili huchanganywa kwa vipimo vilivyopangwa na mtengenezaji, mara nyingi moja kwa moja au mbili kwa moja, na huchukua saa nyingi kukomaa. Bodi fila ni ya bei rahisi, hunyonya maji kidogo kidogo, na haikutengenezwa kwa ajili ya kitu kinachovimba na kusinyaa kama mbao. Kuiweka kwenye mguu wa mlango unaopigwa na mvua, kisha kuitoza bei ya epoksi, ni jambo ambalo sitaki kulitafutia jina kabla hamjapata nafasi ya kujieleza.

Palipotumika epoksi halisi nako kuna kasoro, ingawa hiyo nitaitaja kwa ufupi. Chini ya mwimo wa kulia amechongwa samaki, kama ilivyo kwenye milango mingi ya mji huu, na mkia wake ulikuwa umelika. Mafundi waliujaza, lakini mchanganyiko haukuganda. Hadi leo ukiugusa unanata, na vumbi la mtaa mzima limekwama hapo. Epoksi haikauki kama rangi kwa kupoteza maji. Hugeuka kuwa ngumu kwa sababu sehemu mbili zimekutana kwa kiasi kinachotosheleana, na kilichozidi upande mmoja hubaki hivyo hivyo milele. Kukisia kwa macho hakusaidii, wala kuongeza kigumishi kwa matumaini kwamba itawahi. Najua pia kwamba joto letu lina hila zake, kwani mchanganyiko mwingi ukiachwa ndani ya kopo hujipasha moto wenyewe na kuganda kabla haujafika kwenye mbao. Lakini ndiyo maana fundi makini huchanganya kidogo kidogo na kuutandaza kwenye kibao. Samaki mwenyewe sasa hana magamba upande wa mkiani, kwa kuwa fila ilisawazishwa kwa msasa bila mtu kukumbuka kwamba pale palikuwa na nakshi.

Sasa nije kwenye jibu lenu la unyevu. Ni kweli kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ni kweli kwamba hupandisha maji kutoka ardhini. Hilo halikuwa siri. Mkaguzi wenu alilitaja mwenyewe siku alipokuja, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo saruji ya kibarazani imepanda na kuugusa mguu wa mwimo, akasema kwamba hapo ndipo maji yanapoingilia, kwa sababu ncha ya mbao hunywa maji kuliko ubavu wake. Aliahidi saruji hiyo itachongwa ili pawe na nafasi ya maji kutoka. Badala yake mafundi waliongeza saruji mpya kuzunguka miguu ya miimo yote miwili, nadhani ili kuficha ukingo wa fila, na kwa hivyo ile njia ndogo iliyokuwa imebaki nayo ikazibwa. Kampuni iliyouona unyevu, ikauandika, ikapokea malipo kwa ajili ya kuushughulikia na kisha ikauongeza, haiwezi kuutumia unyevu huo huo kama kinga.

Kuhusu ukuukuu wa mbao sina mengi. Mlango huu ni wa msaji, na sehemu zake za juu, pamoja na mfaa (ubao wa katikati) na mbao zote mbili za mlango, ni ngumu kiasi cha kukataa msumari hadi leo. Kilichooza ni kile kilichosimama kwenye maji.

Sipingi matumizi ya epoksi kwenye milango ya kale, ingawa wapo wenzangu mtaani wanaoyapinga moja kwa moja. Kwa shimo dogo, kwa kona iliyomeguka au kwa nyufa za nakshi ambazo kuzikatia mbao mpya kungepoteza zaidi ya kuokoa, fila nzuri iliyowekwa juu ya mbao kavu na nzima ina nafasi yake. Kwa mguu wa mwimo unaobeba uzito na uliooza karibu unene wake wote, kazi ni ya seremala kwanza: kukata penye uzima, kuunga kipande kipya cha msaji kwa kiungo cha mshazari, kisha kumwita mchonga nakshi aendeleze mstari.

Kwa hiyo naomba kampuni yenu iondoe kwa gharama yake fila yote ya epoksi na bodi fila kwenye miimo na kizingiti, kwa patasi na kwa joto la wastani na si kwa mashine ya kusaga, chini ya usimamizi wa seremala nitakayemteua mimi. Iondoe saruji yote iliyogusana na mbao. Iache miimo ikauke na kunionyesha vipimo vya unyevu kabla ya hatua nyingine yoyote. Na igharimie miguu mipya ya msaji pamoja na uchongaji wake. Iwapo hamko tayari kuifanya kazi hiyo, basi nirudishiwe shilingi 2,400,000 zote, na tukubaliane kwa maandishi juu ya gharama ya uharibifu uliopanda juu ya eneo la kazi yenu. Kupaka safu nyingine ya fila juu ya ufa, kama alivyopendekeza msimamizi wenu kwenye simu, sitakubali.

Natarajia jibu la maandishi kabla ya tarehe 31 Agosti 2024. Lisipofika, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na makisio, ankara na picha kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na nakala nitaipeleka Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa sababu kilichofanyika sicho kilichoombewa kibali. Ningependelea tusifike huko, kwa kuwa vuli iko karibu na muda utakaopotea kwenye mabishano ni muda ambao miimo ingekuwa inakauka.

Kipande kilichobanduliwa, kopo la bodi fila na kitubu chake nimevihifadhi na havitaondoka nyumbani. Mkitaka kuja kukagua, njooni asubuhi kabla ya saa nne na mtoe taarifa siku moja kabla, ili seremala naye awepo. Mlango kwa sasa haufunguliwi upande wa kulia. Tafadhali mpite wa uani.

Wako mwaminifu,

Mwenye nyumba,
Kiponda, Mji Mkongwe.