Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya hifadhi ya jamii: miezi 180 ya mkulima wa zabibu

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Mpunguzi, Dodoma, nikiwa mkulima wa zabibu na mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kuhusu pensheni ya sisi tusio na mwajiri.

Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ulikabidhiwa sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, na nafahamu kwamba aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia kidogo kidogo, hata kwa msimu. Tatizo liko mbele zaidi. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, na asiyeifikisha hupewa mkupuo, yaani fedha za mara moja, basi. Kigezo hicho kinamfaa mtu anayekatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katikati yake kuna dawa za ukungu, vibarua wa kupogolea na mahitaji ya shule. Mvua ikikata mapema, mwaka mzima wa michango huweza kupotea. Saidia fundi anayejenga Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, naye hulipwa kwa siku aliyoitwa kazini.

Husemwa kwamba watu wa sekta isiyo rasmi hawana utamaduni wa kuweka akiba, kauli ambayo, niwie radhi, huniudhi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Kila tukikutana, kabla ya mtu kununua hisa hata moja, hutoa kwanza mchango wa mfuko wa jamii, unaosaidia mgonjwa na aliyefiwa. Uzee ndio unaotushinda, kwa sababu mwisho wa mzunguko tunagawana fedha zote na kuanza upya.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mosi, anayefikisha umri wa kustaafu akiwa na miezi pungufu ya 180 awe na hiari ya kulipwa pensheni ndogo ya kila mwezi inayolingana na alichochangia, badala ya mkupuo unaoishia kwenye bati na madeni. Pili, Bara tuwe na pensheni ya msingi isiyodai mchango. Zanzibar waliianza mwaka 2016 kwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hulenga kaya maskini sana, na mzee mwenye ekari moja ya mizabibu iliyochoka si rahisi ahesabiwe humo, ingawa kodi amelipa maisha yake yote kwenye sabuni, sukari na ushuru wa mazao.

Naomba makisio ya gharama za pensheni hiyo yawasilishwe bungeni katika mkutano ujao wa bajeti, yajadiliwe hadharani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mweka hazina wa kikoba, Mpunguzi