Manka, nitafutie matairi kabla ya masika

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Manka,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mguu wa mama unaendelea vizuri, Glory yuko shule na karo imeshaniumiza kama kawaida yake. Mvua bado, lakini kila jioni mawingu yanajikusanya huko mlimani, na hayo mawingu ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Ningekupigia, ila nakujua. Ungenikatiza, tungeishia kwenye harusi ya Shayo na michango yake, shida yangu ingebaki palepale.

Nataka unitafutie matairi huko Dar.

Usigune. Matairi ya ile RAV4 niliyonunua kwa yule mama wa Sanya Juu yamefika mwisho. Fundi wa Pasua kanionyesha vile vinundu vilivyojificha ndani ya mifereji ya tairi: kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini, ikishuka ikalingana navyo, ujue zimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Ya mbele yameshafika. Ya nyuma yana uhai kidogo. Kwenye lami kavu unaweza kujidanganya kwamba mambo safi, lakini wewe unajua njia ninazopita.

Juzi usiku yalidondoka manyunyu tu, asubuhi nikaitwa kwa Mama Aika kule Kibosho. Ng'ombe wake kaonyesha joto tangu jioni, anataka kuhimilishwa, yaani kupandikizwa mbegu. Unakikumbuka kile kinjia cha kushukia kwake, masale upande huu, mfereji upande ule, upana wa gari moja na kuku wawili. Nimegusa breki kidogo, gari likaendelea kushuka kama si mimi ninayeliendesha. Nyuma likaanza kuvutwa kwenye mfereji, taratibu kabisa, hadi likaegemea mgomba. Mtungi wangu wa nitrojeni, wenye mbegu za ng'ombe, ukagonga kiti. Nimeshuka kuangalia matairi, sikuona mfereji wa kashata hata mmoja. Tope jekundu limejaa limesawazika, tairi jororo kama kibuyu kilichopakwa samli. Mama Aika kasimama juu kashika kiuno: "Daktari, umekuja kuhimilisha au kuvuna ndizi?"

Nimecheka naye, lakini moyoni sikucheka. Chuoni Tengeru tulikaririshwa, joto la jioni himilisha asubuhi, joto la asubuhi himilisha jioni. Ng'ombe hajui kwamba barabara imeharibika. Nikikwama saa nne nzima kwenye tope, mfugaji anarudi kusubiri siku 21 nyingine, na maziwa ya mwakani yanasogea mbele hivyo hivyo. Na hayo yalikuwa manyunyu. Mwezi wa nne itakuwaje?

Basi nikatangaza kwamba natafuta matairi ya A/T, yale ya lami na tope pamoja. Kosa, maana Moshi ukitaja matairi kila mwanaume anakuwa injinia. Shemeji Elisante ndiye kiongozi wao. Yeye ameziona Land Cruiser za watalii pale Arusha, anataka RAV4 yangu nayo isimame vile: matairi mapana, kashata kama ngazi, gari linyanyuke. Kanitumia picha za M/T kabisa, zile za tope tupu, kama za kulima. Nikamuuliza nani atalipa mafuta, akanyamaza.

Ngoja nikueleze ninavyoona mimi, unisahihishe wewe uliyeendesha magari ya mradi miaka yote ile. Tope la huku likishajaa kwenye vimifereji vyembamba vya tairi la lami halitoki, ndiyo maana nilishuka nikakuta kibuyu. A/T ina nafasi pana kati ya kashata na kashata, kwa hiyo tairi likizunguka linalitupa tope nje na kushika upya. M/T inatupa zaidi, sikatai. Lakini mimi siishi kwenye tope! Nalala mjini, naenda Himo kwa lami, Boma Ng'ombe kwa lami, kila mara naitwa kikao Arusha, kilomita 80 za lami na mabasi yananipumulia kisogoni. Kashata zikiachana sana, mpira unaogusa lami unakuwa kidogo, na lami ikilowa unahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Bado ule mlio, vuuuu, hadi Usa River. Kwa hiyo nataka A/T ya wastani, isiyo na makeke. Inipandishe Kibosho na Uru, inirudishe salama barabarani. Shemeji anaiita A/T ya akina mama. Sawa, mimi si mama?

Sasa saizi, na hapa ndipo tulipogombana hasa. Gari lina 215/70R16. Elisante anasema weka 225/75, linyanyuke. Nimekaa na kalamu. Hiyo 215 ni upana kwa milimita, na 70 ni asilimia ya upana huo, yaani ubavu wa tairi una kama milimita 150. Jumlisha juu na chini na rimu ya inchi 16, tairi zima linasimama kama milimita 707. La kwake linafika 744. Gari litanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, chini ya sentimita mbili! Kwa hizo sentimita mbili nipate tairi linalosugua fenda nikikata usukani hadi mwisho, injini ya cc 2000 ibebe uzito wa ziada kwenye milima ya Uru, na mshale wa spidi unidanganye: ukisoma 80, mimi niko 84. Trafiki wa pale Kikavu hatataka kusikia hesabu za shemeji.

Halafu spea, ambayo hakuna anayeikumbuka. Nikibaki kwenye 215/70, lile tairi la nyuma lenye uhai linakuwa spea yangu. Nikipanda saizi, spea haifanani na mengine, na hili gari ni fowili muda wote, magurudumu yote manne yanasukuma, halina swichi ya kuzimia. Magurudumu yasipolingana ukubwa, ile kapulingi ya katikati, inayounganisha mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika, inapata moto, inakufa. Ndiyo maana pia sinunui mawili ya mbele tu kama Lyimo anavyonishauri. Manne kwa mpigo, aina moja, au niache.

Nimetoka nje ya mada kidogo: Lyimo ameuza ile Escudo. Kisa ninacho, nitakupa mdomo kwa mdomo, karatasi haibebi.

Narudi. Nilikwenda kwenye maduka ya Double Road, nikakuta A/T nzuri kwa macho, nyeusi tii, limepakwa ile dawa ya kung'arisha. Nikapiga goti kutafuta tarehe. Wewe unajua, baada ya herufi DOT kuna namba nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande ule nikakuta DOT lakini ile tarehe haipo. Kijana ananiambia, "Mama, hili jipya, halijawahi kukanyaga ardhi." Nikamwambia ligeuze. Kaligeuza kwa shingo upande, tarehe ikatokea ubavu wa pili: tairi lina umri wa mwanafunzi wa darasa la pili. Halijakanyaga ardhi, kweli, lakini mpira unazeeka hata ukiwa dukani, tena ukianikwa jua la Moshi kila siku pale barazani. Watengenezaji wenyewe wanasema tairi likifika miaka mitano tangu lianze kutumika likaguliwe kila mwaka, na miaka kumi tangu litengenezwe ni mwisho, hata kama kashata zinacheka. Sasa mimi ninunue ambalo miaka hiyo kumi imeshaliwa robo tatu, kwa bei ya jipya?

Kwa hiyo tafadhali, huko kwenye maduka ya Gerezani usikubali kuonyeshwa upande mmoja. Geuza. Piga picha ya tarehe ya kila tairi, yote manne, maana wanapenda kuchanganya. Zaidi ya miaka miwili sitaki. Mtumba usiniletee hata kwa zawadi.

Ukitazama ubavu utaona pia 100 na herufi baada yake. Hiyo 100 ni mzigo, kilo 800 kwa tairi moja, inanitosha hata nikibeba mtungi, mama, na mikungu ya ndizi ya kila anayeomba lifti. Herufi ni spidi. S ni kilomita 180 kwa saa, sina haja ya zaidi, na mlima wenyewe hauniruhusu. Ukikuta saizi imeanza na LT, acha. Hizo ni za magari ya mzigo, ubavu mgumu, mara nyingi zinataka upepo mwingi kuliko PSI 30 na kitu ninazojaza mimi, na gari dogo likizivaa linarukaruka kama limekasirika. Zile KO2 za BFGoodrich ambazo shemeji anaziota usiku, nyingi ni LT. Ni tairi zuri sana, ila kwa anayekwenda Natron kupitia Engaruka, kwenye yale mawe yanayochana ubavu. Kwa Mama Aika hakuna mawe ya hivyo, kuna tope na maneno.

Ningefurahi ukipata Geolandar A/T ya Yokohama, au Dueler A/T ya Bridgestone, au Grandtrek ya Dunlop. Za Kichina sizikatai zote, ila sina wa kuniambia ipi inashika kwenye lami iliyolowa, na hapo ndipo ninapoogopa kujaribisha. Kuna nyingine zimechorwa mlima wenye ncha tatu na theluji ndani yake, maana yake zimefaulu mtihani wa theluji. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu hiyo, mwambie theluji yetu iko Kibo na gari halifiki.

Baba yangu mdogo ananicheka, anasema enzi zao tairi lilikuwa linatoka hapo Arusha tu, General Tyre, unaagiza asubuhi jioni umefunga. Ni kweli, hadi 2009 kiwanda kiliposimama. Kila nikipita Arusha namkumbuka na hasira zake.

Fedha ninayo milioni moja na laki nne kwa yote manne, na nauli ya mzigo juu yake. Kufunga, balansi na alaimenti nitalipia huku, fundi wa Pasua ameshakubali. Ikizidi kidogo niambie kabla hujalipa, usinifanyie ukarimu wako ule wa kwenye sare za Shayo.

Sasa nijibu, Manka. Wiki hii una siku ya kufika Gerezani au nimwombe mdogo wake Lyimo? Yule jamaa yako wa matairi bado yupo, yule asiyetabasamu? Akisema A/T ya 215/70R16 hana, atakuwa anakwepa kuagiza au kweli ni adimu? Kuna basi unaloliamini kwa mzigo kutoka Mbezi, lisilotupa matairi ya watu Korogwe? Ile Suzuki ya mradi mlikuwa mnashusha upepo hadi ngapi kwenye tope, na mlikuwa mnajazia wapi mkishatoka? Elisante anasema ishirini, mimi naona ataniachanisha tairi na rimu kwenye kona. Na wewe mwenyewe hujambo? Presha umepima? Pasaka unakuja au ni maneno yale yale?

Ukija, usilete mchele. Leta risiti ya matairi, na ile sufuria yangu.

Wako,
Ndeshi

N.B. Elisante akikupigia kusema nimebadili mawazo, sijabadili.