Barua ya wazi kwa wakuu wapya wa idara za kompyuta hapa Dar

Wanangu mlioshika idara za kompyuta mwaka huu, Mlimani, Kijitonyama, Taasisi ya Teknolojia (DIT) na kwingineko, hongereni na poleni na majukumu. Mimi nimeshastaafu kufundisha ila wanafunzi wangu wa zamani bado wananipigia, na ninayoyasikia yananinyima usingizi ndo maana naandika hadharani.

Nasikia kuna wanaotaka kupiga marufuku vyuoni ChatGPT, ile akili mnemba inayomwandikia mwanafunzi kazi yake. Jamani, marufuku sisi tunaijua. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa mahesabu ya serikali kuvurugika, na zuio lile likakaa miaka na miaka, wenzangu wengi ambao wangekuwa walimu wenu wakaja kugusa mashine wakiwa watu wazima kabisa. Hofu ile ilikuwa na sababu zake, lakini gharama yake tuliilipa sisi na nyie mkairithi. Sasa mwanafunzi ana simu mfukoni, utamzuiaje?

Badilisheni namna ya kupima. Akileta programu yake mkalishe, ifungueni pamoja, mwambie abadilishe kitu kimoja palepale na aseme kabla hajaiendesha kitatokea nini, dakika kumi zinatosha kumjua aliyeelewa na aliyenakili. Mtaniambia mzee darasa lina watu mia tatu na mwalimu ni mmoja. Ndiyo, na hapo ndipo kazi yako wewe mkuu wa idara inapoanza, kupigania wakufunzi wasaidizi, kumpunguzia vipindi anayesahihisha kwa mdomo, kwenda kwa wakubwa kuomba pesa ya watu kabla hujaomba pesa ya jengo. Hakuna atakayekupigia makofi kwa hilo lakini ndo uongozi wenyewe.

Jambo la pili linaniumiza zaidi. Hii akili mnemba mnayosema ya vitendo, mbona project nyingi zinatumia data za wenzetu? Kijana anaishi Sinza, anapanda daladala za Mbagala kila wiki, halafu anakadiria bei za nyumba za Boston, takwimu za sensa ya Marekani ya 1970, maeneo 506 tu basi. Na ndani ya data ile kuna safu iliyokokotolewa kutokana na uwiano wa watu weusi wa kila eneo, yaani weusi wa majirani umegeuzwa kigezo cha bei ya nyumba, mpaka watengenezaji wa scikit-learn, zana ya kufundishia kompyuta iliyokuwa inakuja na data hiyo, wakaiondoa kuanzia toleo la 1.2. Mtoto wa Kitanzania anapewa hiyo, anapata A, na hakuna mwalimu aliyemwambia afungue asome kila safu inasema nini!

Mbona mfano tunao hapahapa. Nuru, ile programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mihogo, mradi wa PlantVillage na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA waliijenga kwa picha zilizopigwa mashambani humuhumu Tanzania, inaongea Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Kilichoibeba ni watu kwenda shambani na wataalamu wa mihogo kukaa wakasema jani hili lina ugonjwa wa batobato, hili lina wa michirizi, hili zima. Kazi hiyo inachosha, haing'ai kwenye sherehe, na kwa maoni yangu mwanafunzi aliyeifanya miezi mitatu anajua zaidi ya aliyepakua data kumi.

Ila wakitoka kukusanya data wasikusanye ovyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na kijana anayepiga picha za sura za wenzake hosteli bila ridhaa yao lazima awepo mtu wa idara wa kumsimamisha mapema.

Kwahiyo kikao chenu kijacho, kabla hamjafika kwenye jina la digrii mpya, naomba mkae na mafundi wa maabara na wakufunzi wasaidizi, muulizane nani atasikiliza project za mwaka wa tatu na data zitatoka wapi, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na majina ya wahusika.