Wachoraji wa Forodhani, tuandikieni mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaochora Mji Mkongwe unavyoonekana kutoka baharini.

Juzi nilinunua picha ya rangi ya mafuta nimpelekee mjukuu wangu anayesoma bara. Aliyeichora ana mkono, wallahi. Maji kayapata hasa, ile kijani ya asubuhi inayoingia buluu ubavuni mwa jahazi, na tanga lina kiraka karibu na foromali. Nilipoitundika ndipo moyo uliponiuma. Mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, na nyuma yake mnara wa saa umeshikana na jumba lenyewe.

Minara hiyo miwili haikupata kuonana. Jumba alilijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na mnara wa taa ulikuwa mbele yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga, na kwa muda usiotimia saa nzima mnara ulikuwa umeharibika na jumba la jirani, Beit al-Hukm, limebomoka. Mnara wa saa tuliouzoea ulijengwa mwaka uliofuata. Tena picha ina bustani yenye miti mikubwa, na bustani ile ya Forodhani ni ya 1936. Forodhani ya zamani ilikuwa forodha kweli.

Nilisomesha historia miaka mingi, na zamani kosa kama hili nililimaliza kwa kuwatoa wanafunzi darasani tukaenda kuangalia. Tangu 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba ilipoporomoka na watu wawili wakafariki, siwezi tena. Mjukuu wangu hakuwahi hata kuingia ndani. Atakachokijua ni hiki kilichopo kwenye turubai.

Kwa hiyo nawaomba, wanangu, andikeni mwaka nyuma ya picha. Ukichora 1890, tia mnara wa taa, toa wa saa, na Beit al-Hukm uirudishe mahali pake. Ukichora 2021, lichore pengo. Usilizibe kwa rangi ili mgeni apende.

Picha yangu sirudishi. Nimeandika nyuma yake kwa penseli mnara upi ni wa lini, na Ijumaa inapanda boti kwenda Dar es Salaam.

Mwalimu mstaafu,
Malindi, Zanzibar