Mtuulize kwa Kiswahili kama tunajua kuogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kwa kampuni za utalii zinazotupeleka majini, kisha nirudi kwenye cherehani. Mimi ni mwanamke wa miaka 54, fundi nguo hapa Tanga, mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Mwezi uliopita nilikwenda Moshi kwenye sendofu ya binti wa rafiki yangu. Sare za mashangazi wote nilishona mimi. Shughuli ilipokwisha wenzangu wakapanda basi kurudi. Mimi nikabaki siku moja zaidi, nikajilipia matembezi ya kutwa: asubuhi maporomoko ya Materuni, mchana Maji Moto ya Chemka.

Nilikwenda peke yangu, na hilo lilisumbua watu kuliko nilivyotarajia. Kwetu mwanamke wa umri wangu akionekana na begi njiani pasipo mtu, ama anakwenda msibani ama ametoka kuachika. Kijana wa kampuni alipofika nyumba ya wageni alinipita pale mapokezi, akaangaza huku na huku, kisha akanirudia. "Shikamoo mama. Wageni wako wako wapi?" Nikamwambia mgeni ndiye mimi. Akaona haya, akanibebea mkoba, na tangu hapo tukaelewana vizuri.

Msafiri wa peke yake hulipia gari zima, kwa hiyo waliniunganisha na wengine: Wajerumani watatu na wachumba wawili kutoka Dodoma. Jumla sita, dereva mmoja, na yule kijana ndiye mwongozaji. Siku moja kabla, kampuni ilikuwa imeniuliza kwa simu kama nakula nyama, kama kuna chakula kinachonidhuru, na kama miguu yangu inaweza kilima. Nilifurahi kuulizwa.

Materuni iko juu huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama kilomita 15 hivi kutoka Moshi mjini. Gari linapoachwa kijijini unatembea kama dakika 45, katikati ya vihamba: migomba juu, mibuni chini yake, na masale yamepandwa kuonesha mpaka wa mtu na mtu. Kijana alieleza kwa Kiingereza, na sikumlaumu, Wajerumani walikuwa watatu. Lakini mimi nilikuwa wa mwisho kwenye msafara kwa sababu ya magoti, na kila aliponisubiri alinisimulia tena kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipogundua kuwa kuna matembezi mawili katika njia moja. Kwa Kiingereza, mfereji ulioko kando ya njia ulikuwa "mfereji wa zamani". Kwa Kiswahili ukawa mfongo wenye jina la ukoo, wenye zamu ya kufungulia maji, wenye faini kwa anayeiba zamu ya mwenzake, na babu yake kijana alishawahi kulipa hiyo faini.

Maporomoko yenyewe yanashuka mita 80 hivi, kwenye ukuta wa mwamba mweusi wenye majani ya kijani, na ukiwa bado mbali unyevu wake umeshakufika usoni. Nilitumbukiza mguu hadi kifundo nikautoa upesi. Nilicheka mwenyewe, maana maji hayo nayajua. Mito ya upande wa kusini wa mlima ule inaingia Kikuletwa na Ruvu, inakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, inateremka Korogwe, inazungusha mitambo ya umeme Hale, na mwisho inamwagika baharini mbele ya nyumba ya mama yangu. Nimeyafulia, nimeyapikia, nimejifunza kuogelea ndani yake nikiwa na miaka sita, wakati kaka zangu wakisubiri kivuko. Sikuwahi kuyaona yakiwa machanga na ya baridi namna ile.

Kijana aliposikia natoka Pangani akakaa kwenye jiwe karibu yangu, akaniambia jambo ambalo nimekuja nalo hadi Tanga. "Mama, ukiona maji yamegeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vinakuja vingi kwa ghafla, usiulize mtu, panda juu. Hapa jua linawaka, lakini kule msituni mvua inaweza kuwa imenyesha zamani." Kwa Kiingereza alikuwa amewaambia wote kwamba mawe yanateleza. Basi. Wachumba wa Dodoma walikuwa wameshafika chini kabisa, wanapigana picha.

Kahawa nitaipita haraka. Tulikaanga, tukatwanga kwenye kinu huku tunaimbiwa, na bibi mmoja akaninyang'anya mchi akisema natwanga kama mtu wa mpunga. Kahawa ilikuwa nzuri. Nikaulizia kashata, wakanitazama.

Baada ya chakula tukashuka, tukapita Boma Ng'ombe, tukaingia barabara ya vumbi hadi Chemka. Jina ni Chemka, watu wanaita Maji Moto, na hata yai la kware haliivi humo; ni maji vuguvugu tu. Lakini uzuri wake hauna mfano. Nyika yote pale ni kavu, halafu ghafla unakuta mikuyu mikubwa, mizizi yake imening'inia majini, na dimbwi la buluu lililo safi kiasi kwamba unaona kokoto za chini na samaki wadogo wanaokuja kukudonoa vidole. Ilikuwa Jumapili. Watu wa Moshi, Arusha na Boma walikuwa wengi kuliko wageni wa nje, wamekuja na masufuria ya pilau na spika za muziki.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye barua yangu. Maji safi yanadanganya. Kwetu mto Pangani ni wa tope, huoni goti lako, kwa hiyo kila mtoto anaogopa. Pale Chemka chini kunaonekana kama kuko hapo tu, ukinyoosha mguu utagusa. Si kweli. Maji meupe hukisogeza kina karibu na macho, na penye watu watatu kwa kwenda chini utadhani ni wawili na kidogo. Tena hata aliyezoea bahari asijiamini: chumvi humbeba mtu, maji yasiyo na chumvi humwacha azame kidogo zaidi. Mimi mwenyewe nilihisi tofauti nilipoingia, nikabaki pembeni, nimeshika mzizi, na fulana yangu ndefu na suruali.

Kuna kamba imefungwa mtini. Watu wanabembea wanajiachia katikati. Wajerumani wakaruka, watoto wa Boma wakaruka, na yule kijana wa Dodoma, mchumba wake akiwa ameelekeza simu, naye akaruka.

Waswahili tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Mhariri, niliyemwona mimi hakutapatapa. Aliibuka, kichwa kimelala nyuma, mdomo sawasawa na uso wa maji, mikono inakandamiza chini kama anayetafuta ngazi, na hakutoa sauti hata moja. Mchumba wake alikuwa anacheka. Mwongozaji wetu alikuwa upande wa pili na simu tatu za Wajerumani, anawapiga picha. Watu pengine mia walikuwa pale, muziki unalia, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusikia.

Wazee wa Bweni walitufundisha usimpe mkono mtu anayezama, atakupanda kichwani, mpe kitu. Nilikuwa na kanga mpya niliyotunzwa kwenye sendofu, nimeitundika kwenye mzizi. Ilikuwa doti nzima, sijaikata wala kuipinda, na hilo ndilo lililomsaidia, maana upande mmoja ni mita moja na nusu tu usingemfikia. Nikairusha mara ya kwanza ikamkosa. Mara ya pili ikamwangukia usoni, akaikamata, nikamvuta huku nimejifunga mkono mwingine kwenye mzizi. Alipokwisha kukohoa alisema neno moja: "Nilijua nitasimama."

Kumbe swali liliulizwa. Kijana wetu aliapa, na mimi nakumbuka sasa: kwenye gari, tukiwa bado kwenye vumbi, aligeuka nyuma akauliza kwa Kiingereza kama wote tunajua kuogelea. Wajerumani wakaitikia. Yule wa Dodoma akatikisa kichwa kukubali. Kiingereza alikielewa vizuri tu, ni mhasibu. Alikubali kwa sababu alikuwa amekaa na mchumba wake na wageni watatu, na ni mwanamume. Hata ningekuwa mimi, pale ningekubali.

Jioni nilipiga simu ofisini kwa kampuni, ambayo siitaji kwa sababu nadhani nyingi ziko hivyo. Dada aliyepokea alikuwa na adabu. Akasema, "Wateja wetu wengi wanajua kuogelea, mama, hatujawahi kupata tatizo." Nikamuuliza wateja wako wengi ni akina nani. Akanyamaza. Tunahimizwa kila siku tutalii nchini mwetu, na tumeanza kwenda, tunalipa kwa pesa zetu za kushonea nguo na za uhasibu. Basi mkumbuke kwamba waliokulia Dodoma, Singida, Tabora, wengi wao hawakuzaliwa karibu na dimbwi la kuogelea.

Kijana simlaumu. Yeye peke yake ni mkalimani, mbeba mikoba, mpiga picha, mgawa chakula, na eti pia mlinzi wa majini. Huwezi kutazama maji ukiwa unatazama kioo cha simu. Ninachoomba kwa wenye kampuni ni haya: watu wakiwa ndani ya maji, mtu mmoja awe kazi yake ni kuyatazama tu, hata kama ni dereva. Na swali la kuogelea liulizwe siku ileile ya simu, mtu akiwa peke yake nyumbani kwake, kwa Kiswahili, pamoja na lile la nyama. Na yale mwongozaji aliyoniambia mimi mkiani mwa msafara kuhusu maji yanayogeuka rangi, ayaseme mbele, kwa lugha zote mbili, kabla simu hazijatolewa mfukoni.

Vifaa msiniambie ni ghali. Tulipokuwa tunapakia kurudi, dereva alifungua buti. Ndani mlikuwa na kamba ya kuvutia gari, na dumu tupu la njano la lita tano, la maji ya rejeta. Wavuvi wa kwetu wakiona vitu hivyo viwili hawaulizi kingine: dumu limefungwa kizibo, kamba imefungwa kwenye mshikio wa dumu, mtu anarushiwa. Vilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye maji, chini ya tairi la akiba.

Nilimwonesha dereva fundo lake palepale, mara mbili, na la tatu akafunga mwenyewe. Kanga yangu nilimwachia mchumba wa yule kijana wa Dodoma, ikiwa bado haijakatwa.

Msomaji wako,
Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga