Kwenu Wasimamizi Wapya wa Wadi, Kisumu

Wanangu,

Nasikia barua za kazi zimewafikia. Hongereni. Mimi nilistaafu kitambo, nimeketi Nyalenda na magoti yangu mabovu, lakini kuna deni la maneno sijalilipa.

Enzi za utumishi wangu tulijenga kioski cha maji kando ya barabara. Ramani ilisema hapo ndipo. Miezi ikapita, akina mama wakaendelea na kisima chao. Nikaandika ripoti kwa mkono wangu huu: "Wananchi hawana mwamko." Siku moja, nikinunua omena, nikamuuliza mama muuzaji. Akacheka.

"Mzee, saa kumi na moja alfajiri niko kisimani. Kijana wenu anafungua saa mbili, mimi niko soko. Hayo maji nimpikie nani?"

Tukamwambia kijana afungue mapema. Basi. Ripoti yangu sikuirekebisha, na inanikera hadi leo.

Baadaye nikasoma habari za pragmatisimu, falsafa iliyozaliwa Marekani karne ya 19. Jina zito, ila dai lake mama wa omena angelielewa: wazo lipime kwa linachofanya likishatumika. John Dewey, mmoja wa wanafalsafa wake, aliandika mwaka 1927 kwamba mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana, ingawa fundi ndiye ajuaye kukitengeneza. Sisi husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ila Dewey hakumfukuza fundi, angalieni hapo. Mhandisi wetu aliyajua mabomba. Saa za yule mama hakuzijua.

Rafiki yake Jane Addams, mwanamke aliyefanya kazi za jamii Chicago, ndiye hasa anayenipendeza. Mwaka 1895 aliteuliwa mkaguzi wa taka katika wadi ya 19, Chicago. Akawa anaamka saa kumi na mbili kufuata mikokoteni ya taka hadi jaani.

Ninyi mmewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na Katiba, kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe. Nawajua: hema, soda, karatasi ya sahihi, picha, kisha mpango uleule mliokuja nao mfukoni. Uandikeni mradi kama jaribio: tunadhani hivi vitatokea, tutarudi baada ya miezi mitatu kuuliza. Mkirudi, msianze na mwenyekiti wa soko. Huyo maneno yake yako tayari. Na mkikuta mmekosea, liingie kwenye faili. Mkubwa atanuna. Mwacheni anune.

Nikiwa mzima, nileteeni faili hizo nizisome. Chai ipo.

Mzee wenu, Nyalenda