Kabla ya kutulaumu, tazama saa ya ujumbe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika hivi karibuni kwamba sisi tulio ughaibuni tumeyageuza makundi ya familia ya WhatsApp kuwa jalala la vioja: leo paka anapiga kinanda, kesho mtu mwenye kucha ndefu kama mikuki, na salamu za kweli hakuna. Alinichoma kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Kwetu ni Kilwa Kivinje. Huu ni mwaka wa nane naishi Blacktown, magharibi mwa Sydney, na kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Mapumziko yangu ni saa tisa usiku. Wazee wamelala, mwenzangu anapasha wali wake, nami nafungua simu. Kilwa muda huo ni saa mbili usiku, au saa moja huku tukiwa kwenye majira ya joto. Mama ameshakula, amekaa barazani. Katika saa 24 hakuna nyingine ambayo yeye na mimi tuko macho na mikono yetu haina kazi. Shikamoo nimeshatoa, mguu nimeshauulizia, dawa kasema anameza. Baada ya hapo nimwambie nini? Nimweleze habari ya mzee aliyenirushia bakuli la uji? Hatalala. Basi namtumia kioja.

Kosa nalikubali. Niliwahi kutuma picha ya papa akiogelea barabarani kwenye mafuriko. Kaka yangu ananadi samaki pale Kivinje; aliionyesha mnada mzima, na mteja mmoja mwenye simu nzuri akamthibitishia mbele za watu kwamba picha ni ya kutengenezwa. Kaka hakunisemesha wiki nzima. Tangu siku hiyo situmi kitu kabla sijakichimbua.

Ndivyo nilivyokaa siku tatu na habari ya sarafu za Kilwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa rada wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kisiwa cha Marchinbar, huko juu kabisa kaskazini. Mchangani akaokota sarafu chache, akazitia kwenye kopo, akaendelea na maisha yake. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa! Mhariri, nilisoma sentensi hiyo nimesimama kwenye korido nikiwa na ndoo mkononi, na ndoo niliiweka chini.

Niliwaandikia nyumbani yote, hata yale yanayopunguza utamu: kwamba aliyezifikisha huko hajulikani, na kwa kuwa zilikutwa pamoja na sarafu za Kiholanzi za karne ya 17 na ya 18, huenda ziliachwa hapo muda mrefu sana baada ya masultani wenyewe kufa. Nikaongeza na lile lililonipendeza kuliko yote. Sarafu za Kilwa zina vina. Upande mmoja unakuta jina, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yanayoishia na al-minan. San na nan. Watu waliofua pesa zao kwa vina, halafu tunaambiwa ushairi tumeanza juzi.

Kaka akajibu wa kwanza: "Basi Australia ni ya kwetu, waambie wakupe kiwanja." Shemeji akauliza kama ile hela ya bati nayo ilikuwa inakuja kwa jahazi. Mama kimya. Siku ya pili kimya. Nikasema haya, msomaji wa gazeti ana haki yake, nimewachosha watu.

Siku ya tatu ikaja sauti yake, dakika saba. Mama alizaliwa Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe ya masultani, na katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia akisimulia utoto wake zaidi ya kusema "tulikuwa maskini". Akasema hizo senti za kijani walikuwa wakiziokota ufukweni baada ya mvua kubwa, maji yakishafumua mchanga. Wakicheza duka, senti moja unapewa samaki wa jani la mkungu, mbili unapewa na chumvi, yaani mchanga. Akawataja wenzake wa dukani mmoja mmoja, pamoja na dada yake ambaye mimi sikujua kama aliwahi kuwepo. Alikufa kwa surua. Jina lake ndilo langu.

Nilisikiliza mara mbili kwenye basi la asubuhi, nikapitiliza kituo.

Jioni nikamsikilizisha mwanangu Salum, ana miaka tisa, Kiswahili chake cha kubangaiza. Akachukua simu, akamuuliza kwa sauti: "Bibi, wewe ulitupa mapesa wapi?" Mama alicheka hadi akakohoa. "Mapesa!" Toka siku hiyo wanaongea wenyewe, bila mimi kuwa mkalimani, Salum anamtumia vioja vya vyura wa huku, yeye anamsahihisha ngeli. Sarafu zenyewe ziko hapa hapa Sydney, mali ya jumba la makumbusho la Powerhouse, na bado hatujakwenda kuziulizia. Kila Jumamosi niliyopanga imeliwa na zamu.

Kwa hiyo namwomba ndugu yule, kijana wake akimtumia paka wa kinanda, asimtazame paka. Atazame saa ujumbe ulipoingia, ahesabu huko alipo mtoto ni saa ngapi.

Nikiandika barua hii mama ametuma cha kwake cha kwanza, bila salamu: fenesi kubwa limewekwa juu ya mzani wa sokoni, na nyuma yake miguu ya mtu asiyeonekana kichwa. Salum anataka kujua ni kilo ngapi. Mama anasema kilo ziko kwenye picha, ila mzani wa muuzaji yule yeye hauamini.

Mama Salum,
Blacktown, Sydney